Kocha Mpya wa K'Ogalo na Deni la Aliyemtangulia

Leo tuzungumze mpira, na hasa tumzungumzie Charles Akonnor, Mghana aliyekabidhiwa Gor Mahia kabla ya msimu huu wa 2025/26. Huku Ndhiwa habari za klabu hiyo hatuzihesabu kuwa za Nairobi peke yake. Ilipoundwa Februari 1968 ilipewa jina la Gor, mganga maarufu wa Kanyamwa, na hata hilo K'Ogalo tunalolipigia kelele kila wikendi ni la ukoo wake. Kwa hivyo mwendesha boda boda akimwuliza mwenzake kituoni iwapo huyu Mghana ataleta kombe, anauliza jambo la nyumbani, na ana haki ya kujibiwa. Jibu langu ni kwamba anaweza kulileta, na si dhuluma kumtarajia alilete. Ninachobisha ni namna tunavyompima. Tumezoea kumtwika kocha makosa ya ofisi, kisha tukimpiga kalamu tunadhani tumesafisha nyumba, kumbe kila anayefutwa kabla ya wakati humwachia mrithi wake deni. Nasema deni la pesa taslimu, na mrithi huishia kulilipa kwa pointi uwanjani.

Tuanze na hali aliyoikuta. Jonathan McKinstry alifika Agosti 2022 akatwaa ligi mara mbili mfululizo, 2022/23 na 2023/24, na taji hilo la pili likawa la 21 katika historia ya klabu. Katikati ya 2024 akaenda kuifunza timu ya taifa ya Gambia. Mwaka huohuo Benson Omala, aliyekuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa ligi, naye akavuka mipaka kutafuta riziki. Timu ikapoteza kichwa na mguu kwa wakati mmoja. Akaja Mbrazili Leonardo Neiva, akakutana na Al Ahly katika Ligi ya Mabingwa, akalala 3-0 hapa na 3-0 kule Cairo, na msimu haukuisha akiwa kazini. Akaja Sinisa Mihic kutoka Croatia, naye hakufika mwisho. Zedekiah Otieno, Zico wetu, akaitwa kuziba pengo. Ligi ikaenda kwa Kenya Police, Gor ikawa ya pili, halafu kwenye fainali ya Kombe la FKF ikachapwa 2-1 na Nairobi United, timu iliyokuwa bado ikicheza daraja la chini. Hivyo Akonnor ni mtu wa nne kusimama mbele ya benchi hilo katika muda wa mwaka mmoja hivi. Mfikirie beki aliyepitia mikono hiyo yote. Wa kwanza alimtaka apande na kupiga krosi, wa pili akamwambia abaki nyuma, wa tatu akampumzisha, na sasa anakuja wa nne kumfundisha kukaba kuanzia nusu ya mpinzani. Mchezaji wa namna hiyo hata awe na kipaji gani, mpira unapomfikia huwa anafikiri kwanza kabla ya kucheza, na katika ligi ya kasi hiyo nusu sekunde ya kufikiri ndiyo bao.

Najua kuna msikilizaji ameshatikisa kichwa. Anasema: mbona Gor ilibadilisha makocha kama nguo za Jumapili na bado ikashinda? Hoja hiyo ina uzito. Baada ya taji la 1995, klabu ilikaa miaka 18 bila ligi. Ukame ukakatika 2013 chini ya Bobby Williamson, Mskoti aliyeingia msimu ukiwa umeanza. Msimu wa 2014 Williamson alipochukuliwa na timu ya taifa, Harambee Stars, Frank Nuttall akaumalizia kwa taji, kisha 2015 akashinda ligi bila kupoteza hata mechi moja. Mwaka wa 2017 Zé Maria aliuanza, Dylan Kerr akaumaliza, kombe likaja. Kerr akaongeza la 2018. Hassan Oktay akatwaa la 2018/19. Steven Polack alikuwa kileleni korona ilipoisimamisha ligi ya 2019/20, na shirikisho la soka nchini, FKF, likaitangaza Gor bingwa. Mataji saba katika misimu minane, na karibu kila taji lina sura mpya kwenye benchi. Mtu akiishia hapo atasema basi kocha ni kama dereva wa matatu, ukimtoa huyu unamweka yule na gari linafika Homa Bay vilevile.

Lakini angalia waliokuwa ndani ya gari. Harun Shakava, nahodha, alikuwa pale. Musa Mohamed alikuwa pale. Godfrey Walusimbi, Mganda wa upande wa kushoto, alifika 2013 na hakuondoka hadi 2018. Francis Kahata akawapo kwa misimu kadhaa katikati ya uwanja. Hao walijuana kiasi kwamba kocha mpya alipowasili aliwakuta wanajua nani anaziba nafasi nani anapopanda. Kocha alibadilika, uti wa mgongo wa timu ukabaki. Na hata ushindi wa haraka wa Williamson ukiuchunguza utaona mkono wa mwingine. Aliyemtangulia, Zdravko Logarušić, aliichukua timu 2012 ikiwa mkiani, akaipandisha hadi siku ya mwisho ya ligi ikihitaji ushindi tu, ikatoka sare na Thika United, na Tusker wakaondoka na kombe kwa tofauti ya pointi moja. Sisi wakulima wa miwa hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Miwa unaipanda leo, unaipalilia, inakaa mwaka na nusu au zaidi shambani, na siku ya kukata huenda wewe uliyepanda hupo. Logarušić alipanda, Williamson akakata, na wala hilo halimpunguzii Williamson sifa, kwa sababu kuna watu hukabidhiwa shamba limekomaa wakalichoma. Tatizo la klabu yetu miaka ya karibuni ni lile lile tunaloliona viwanda vinapogombania malighafi, yaani kukata miwa michanga halafu kulalamika haina sukari.

Kwa hivyo swali la maana si makocha wangapi wamepita. Tuulize kwa nini mfumo uleule wa kubadilisha ulileta mataji hadi 2020, kisha ukaleta aibu. Jibu liko kwenye mkoba. Agosti 2019, kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikiidhamini Gor na ligi yenyewe, iliondoka baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na ushuru. Wakati huohuo nguzo zikaanza kung'oka: Kahata akaenda Simba ya Tanzania, Jacques Tuyisenge akaenda Angola, Shakava akafuata njia ya Zambia, na 2020 Joash Onyango naye akavuka kwenda Simba. Mishahara ikachelewa, wachezaji wakagomea mazoezi zaidi ya mara moja. Hapo ndipo kubadilisha kocha kulipoacha kuwa dawa. Alipoondoka Polack akaja Mbrazili Roberto Oliveira, ikagunduliwa kwamba vyeti vyake havimruhusu kukaa benchi katika mashindano ya CAF, na timu ikaongozwa na msaidizi wake, Sammy Omollo, dhidi ya CR Belouizdad ya Algeria. Safari yenyewe ilikuwa kitendawili. Tiketi zilichelewa, vijana wakatua Algiers saa chache kabla ya mechi, miguu imevimba kwa kukaa kwenye ndege, wakafungwa 6-0. Niambie, katika mabao hayo sita ni lipi la kocha? Kocha gani wa dunia hii angepanga ukuta wa kuzuia uchovu wa viwanja vya ndege?

Na hapa ndipo lile deni nililolitaja mwanzoni linapoonekana waziwazi. Mkataba wa kocha ni mkataba kama mwingine wowote. Ukiuvunja kabla ya muda wake, ama umlipe ama akushtaki. Makocha wa kigeni wanajua njia ya kwenda FIFA, na wachezaji wa kigeni wanaijua vilevile. Klabu ikishindwa kesi na isilipe, FIFA huifungia kusajili wachezaji wapya. Gor imepitia adhabu hiyo, na si mara moja. Sasa jiweke katika nafasi ya kocha anayeletwa kwa shangwe uwanja wa ndege, anavishwa skafu ya kijani, anaahidi soka la kushambulia, halafu wiki inayofuata anaambiwa dirisha la uhamisho limefungwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi hata kuonana naye. Anaanza na wachezaji pungufu, anapoteza mechi mbili ugenini, mashabiki wanaanza kuimba jina lake kwa ubaya, uongozi unamfuta ili kutuliza joto, na deni linaongezeka. Mwaka wa 2023 jambo hili lilifikia kilele. McKinstry alikuwa amerudisha taji nyumbani, vijana wamevuja jasho msimu mzima, lakini klabu ikanyimwa leseni ya kucheza mashindano ya CAF kwa sababu ya malimbikizo ya watu wa zamani. Bingwa wa Kenya akabaki nyumbani akiangalia Ligi ya Mabingwa kwenye televisheni. Hakuna mpinzani aliyeifunga Gor msimu huo kwa kishindo kama ilivyoifunga karatasi hiyo moja.

Anayedhani hayo ni mambo ya K'Ogalo peke yake, atazame hapa jirani. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Bingwa, wasikilizaji, kutoka mji wa kiwanda cha sukari, mbele ya vigogo wote wa Nairobi. Miwa ya Ndhiwa ilikuwa sehemu ya jasho lililoilisha timu ile, kwa sababu kiwanda kikisaga vizuri timu ilikuwa na basi, ilikuwa na mahali pa kulala ugenini, na mchezaji alikuwa na hakika ya mshahara mwisho wa mwezi. Wengine walicheza huku wakiwa waajiriwa wa kampuni. Kiwanda kilipoanza kuugua, timu ikaugua. Mwishoni mwa 2019 SoNy iliondolewa kwenye ligi kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Haikushuka kwa kufungwa, ilishuka kwa kukosa nauli. Benchi lilikuwa na makocha, mazoezi yalifanyika, mbinu zilichorwa ubaoni, na mambo hayo yote hayakuweza kusukuma basi lisilo na mafuta. (Kiwanda chenyewe mwaka 2025 kilikodishwa kwa mwekezaji binafsi, na bado wengi wanauliza kama mkataba ule unaikumbuka timu hata kwa mstari mmoja.) Waliokuwa wakimlaumu kocha wa SoNy miaka ile ya mwisho walikuwa wanapiga ngoma isiyo na ngozi.

Kuna pingamizi lingine, na hili ni la juzijuzi. Kenya Police walimleta Mrundi Etienne Ndayiragije, aliyewahi kuifunza Taifa Stars ya Tanzania, msimu wa 2024/25 ukiwa tayari umeanza, na akawapa taji lao la kwanza la ligi. Si hiyo ndiyo ithibati kwamba kocha mpya akija katikati ya safari anaweza kugeuza kila kitu? Ndiyo, anaweza, na Ndayiragije anastahili pongezi bila kinyongo. Lakini aligeuza nini? Aliwakuta Police wakiwa wameshatwaa Kombe la FKF mwaka 2024. Alikuta kikosi kilichokusanywa kwa misimu kadhaa, na klabu yenye Huduma ya Taifa ya Polisi nyuma yake, ambako hakuna mchezaji anayekwenda mazoezini akijiuliza kodi ya nyumba ataitoa wapi. Kazi yake ilikuwa ya ufundi, akaifanya. Ukitazama jedwali la ligi yetu utaona jambo ambalo mashabiki wa timu za wananchi hatupendi kulisikia: Police, Bandari, KCB, Ulinzi Stars, Tusker, hao wote wana taasisi au kampuni inayolipa mishahara. Gor, Leopards na Shabana wana watu. Umati una raha yake na sauti yake, na siku ya derby hakuna kitu kinachoushinda, ila umati haulipi bili tarehe 28 ya kila mwezi. Ndiyo maana Police walipobadilisha kocha walibadilisha kocha tu, ilhali Gor ikibadilisha kocha inafungua faili jipya la madai.

Ushahidi mwingine tuliuona Agosti 2025 kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Benni McCarthy alipewa Harambee Stars Machi 2025. Miezi mitano baadaye, kwa wachezaji wa ligi hii hii tunayoidharau, akaifunga DR Congo 1-0, akatoka sare 1-1 na Angola, akaifunga Morocco 1-0, akaifunga Zambia 1-0, akaongoza kundi, na akatolewa robo fainali na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Austin Odhiambo wa Gor ndiye aliyefunga lile bao la DR Congo. Watu wakasema: mnaona, kocha mzuri hahitaji muda. Mimi naona kitu kingine pembeni yake. Vijana wale walikaa kambini pamoja, wakala pamoja, wakalala kitanda kizuri, na kila ushindi ulikuwa na ahadi ya angalau shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kutoka kwa Rais. McCarthy alifundisha watu waliotulia akilini. Ukimchukua Odhiambo huyohuyo ukampa miezi mitatu bila mshahara, halafu ukamtaka akabe kuanzia dakika ya kwanza hadi ya tisini, utakachopata si Odhiambo wa Kasarani. Sisemi kwamba ufundi wa McCarthy ulikuwa bure. Nasema ufundi hukaa juu ya kitu, na ukikosa pa kukaa huanguka.

Wapo pia wanaosema huyu Akonnor hahitaji kuhurumiwa. Aliwahi kuwa nahodha wa Wolfsburg katika Bundesliga, amefunza Asante Kotoko na Hearts of Oak, klabu mbili ambazo mashabiki wake hawana subira hata kidogo, na amefunza timu ya taifa ya Ghana. Anajua presha ni nini. Kweli kabisa, na huruma siyo ninayoiomba. Ila katika wasifu huohuo kuna somo. Black Stars alipewa Januari 2020, miezi michache kabla korona haijafunga viwanja vya dunia nzima, na Septemba 2021 akafutwa baada ya kufungwa 1-0 na Afrika Kusini katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Mechi alizopata kuongoza ni chache mno kwa muda wote huo. Mtu aliyepitia hayo ana uwezekano wa kuingia kazi mpya kwa njia mbili. Ama atacheza kwa woga, akitafuta sare ugenini na kutegemea wakongwe ili asichomeke mapema, ama ataweka masharti yake mezani siku ya kwanza kuhusu usajili, vifaa na mishahara. Sisi mashabiki, bila kujua, ndio tunaomsukuma kwenye njia moja au nyingine. Shabiki anayetaka kichwa cha kocha baada ya mechi ya nne anamwambia: usimpe kijana wa miaka 18 nafasi, hatuna muda naye. Kisha shabiki huyohuyo ndiye atakayelalamika kwamba Gor haikuzi vipaji kutoka Ndhiwa na Mbita.

Na ligi yenyewe haina huruma. Timu 18, mechi 34, na safari za kutoka Mombasa hadi Kakamega. Msimu wa 2024/25 ukarabati wa Kasarani na Nyayo kwa ajili ya CHAN uliziacha klabu za Nairobi zikihamahama, leo nyasi bandia za Dandora, kesho Machakos. Uwanja wa Raila Odinga pale Homa Bay umeshapokea mechi za Ligi Kuu, jambo la kutufurahisha sisi, lakini kocha anayetaka kujenga mchezo wa pasi fupi anahitaji uwanja mmoja anaoujua hadi matuta yake. Timu ndogo zimejifunza kuisubiri Gor nyuma kabisa, mabeki watano na viungo wanne, kisha kuivizia kwa mpira mmoja mrefu. Nairobi United hawakushinda fainali kwa bahati. Walijua kwamba Gor hupata taabu ikilazimishwa kufungua mlango uliofungwa kwa kufuli mbili, na kufungua mlango wa namna hiyo ndilo zoezi linalochukua muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa linataka watu watatu wasogee kwa pamoja kabla mpira haujafika. Kulifundisha kwa wiki moja haiwezekani. Kwa wiki 12 inawezekana, kama wachezaji ni walewale na wanakuja mazoezini wote.

Sasa kuna mzee atakayeniambia: mwanangu, unamtetea mwajiriwa na kumsahau mwenye mali. Shabiki ndiye anayelipa kiingilio, ndiye anayenunua jezi, anasafiri usiku kucha kwa basi kwenda Nairobi na kurudi Jumatatu asubuhi akiwa hana sauti. Asidai? Adai, mzee wangu, tena adai zaidi ya anavyodai sasa. Malalamiko yangu ni kwamba anadai kidogo mno. Anadai kichwa cha mtu mmoja, naye hupewa kwa urahisi, kwa maana kichwa cha kocha ndicho kitu rahisi kuliko vyote ambavyo uongozi unaweza kuvitoa. Angeuliza mapato ya mlangoni ya mechi kubwa yaliingia akaunti gani, angechukua muda zaidi kujibiwa. Angeuliza ni makocha wangapi wa zamani bado wanaidai klabu, na mpango wa kuwalipa ni upi, angegusa palepale panapouma. Na subira yenyewe si ngeni kwetu: mwaka 1987, timu ya kocha Jack Johnson, pamoja na nahodha Austin Oduor na mfungaji Peter Dawo, iliposhinda Kombe la Washindi la Afrika kwa sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi, miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Gor ifungwe jumla ya mabao 8-0 na Canon Yaoundé katika fainali ya kombe hilohilo. Miaka ile minane ilikuwa ya kujenga, na waliosubiri hawakuwa wajinga.

Basi tumtarajie nini Akonnor? Mimi namtarajia agombee ubingwa, na sitakubali kisingizio akianguka nafasi ya saba. Amekuta timu iliyomaliza ya pili. Gor haina mashindano ya Afrika msimu huu, kwa kuwa Police na Nairobi United ndio walioiwakilisha nchi, na hiyo ina maana ya wiki nzima za mazoezi ambazo Neiva hakuwa nazo, bila safari za Cairo katikati ya ratiba. Nitamhesabia baada ya mechi 17, kila timu ikiwa imekutana na nyingine mara moja. Hadi hapo sitaangalia jedwali peke yake. Nitaangalia kama mabeki wanne wa mechi ya tatu ndio wa mechi ya kumi na tatu. Nitaangalia Gor inafanya nini dhidi ya timu inayojifungia nyuma, kama ina njia ya pili baada ya krosi kushindikana. Nitaangalia pia kama kuna kijana mmoja au wawili waliopewa dakika za kutosha, si zile tano za mwisho timu ikiongoza 3-0.

Na mechi hizo 17 zikimkuta kocha akiwa na pointi chache kuliko tulivyotaka, kabla hatujaimba aondoke, tumtake mwenyekiti na mweka hazina watoke hadharani na majibu matatu: wachezaji wamelipwa hadi mwezi gani, klabu iko huru kusajili dirisha la Januari au imefungiwa, na mkataba wa Akonnor ukivunjwa leo utagharimu kiasi gani na pesa hizo zitatoka mfuko upi. Wakijibu yote matatu kwa takwimu, na bado timu inacheza ovyo, basi kocha hana pa kujificha, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusema muda wake umekwisha. Wasipojibu, tutakuwa tumeshajua kocha wa tano atakuta nini mezani.